Kesi ya Ngedere Ilipopelekwa kwa Nyani

Kwenye mbao za matangazo za vyuo vyetu, katikati ya ratiba za mitihani na karatasi za vyumba vya kupanga, siku hizi hakukosi bango linalomwambia msichana avunje ukimya. Si neno baya, ila linachukulia kwamba tatizo liko mdomoni mwa msichana. Yaliyotokea katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, yanaonyesha kwamba mara nyingi tatizo liko kwenye masikio ya anayeambiwa. Kila anayeketi nyuma ya meza ya kupokea malalamiko, awe mshauri wa wanafunzi, matroni wa bweni au mkuu wa idara, angefaa kuyajua. Pale Michigan ukimya ulivunjwa mwaka 1997. Ukavunjwa tena, na tena. Mtu aliyelalamikiwa alifukuzwa kazi mwaka 2016.

Jina lake ni Larry Nassar. Alikuwa daktari wa osteopathia, tawi la tiba linalotumia sana mikono kukanda na kunyoosha misuli na viungo. Alifundisha chuoni hapo, akatibu wanamichezo katika kliniki ya chuo mjini East Lansing, na kwa muda wa karibu miaka ishirini alikuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya wanawake, akisafiri nayo hadi kwenye Olimpiki. Watu walimpenda. Wasichana waliokuwa wakifokewa na makocha kutwa nzima walikuta kwake mtu wa utani, mwenye zawadi zenye nembo ya Olimpiki, ambaye baadhi yao aliwatibu bure. Chini ya jina la matibabu alikuwa akiwaingiza vidole sehemu za siri, bila glavu, bila kuwaeleza anachofanya wala kuwaomba ridhaa. Mara nyingine mama mzazi alikuwamo chumbani humohumo, naye daktari akisimama kwa namna ya kumziba asione.

Mwaka 1997 msichana wa miaka 16, aliyekuwa katika programu ya jimnastiki ya vijana chuoni, alimweleza kocha wake. Mwenzake naye akaeleza kama hayo. Kwa maelezo ya msichana huyo, kocha alisema anamfahamu daktari miaka mingi na kwamba haamini. Kisha akashika karatasi na kumwambia kuwa anaweza kuyapeleka mbele, lakini yatakuwa na madhara makubwa kwa daktari na kwake yeye pia. Habari ikamfikia daktari mwenyewe, na msichana akarudishwa kwenye kitanda kilekile cha matibabu. Kocha alikana kuyakumbuka mazungumzo hayo. Mwaka 2020 alitiwa hatiani kwa kuwadanganya wapelelezi, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ya Michigan ikaifuta hukumu hiyo. Sheria imemalizana naye, nasi hatuna la kuongeza. Kinachotuhusu ni lile jibu la kwanza kabisa, la kumfahamu mtu miaka mingi. Ni jibu ambalo hata hapa kwetu limekuwa likitolewa kwa nia njema kabisa, na huwa linaifunga kesi kabla haijafunguliwa. Katika miaka iliyofuata wanamichezo wengine wa chuo, kwa maelezo yao, waliwaambia makocha na wahudumu wa timu, wakajibiwa kuwa yule ni daktari wa Olimpiki na anajua anachofanya.

Mwaka 2004 aliyelalamika alifanya kila kitu ambacho mabango yetu yanashauri. Alikuwa na miaka 17, akaenda na mama yake polisi katika kitongoji cha Meridian, jirani na chuo, akaandikisha maelezo, akapimwa hospitalini. Polisi wakamwita daktari. Daktari akafika na mada yenye picha na maelezo ya kitaalamu kuhusu mishipa na nyonga, akawafundisha somo la anatomia. Askari wakaridhika. Jalada halikufikishwa hata kwa mwendesha mashtaka, wala hakutafutwa daktari mwingine wa kulisoma lile somo. Kitongoji hicho kilimwomba radhi hadharani miaka kumi na minne baadaye.

Sasa tufike mwaka 2014, maana hapo ndipo chuo chenyewe, kwa utaratibu wake rasmi, kilipopewa nafasi ya kulikata jambo. Mwanamke mmoja, mhitimu wa chuo hicho, alikwenda kliniki akiwa na maumivu ya nyonga. Nassar alimtoa nje daktari mwanafunzi wa kike aliyekuwa akishuhudia, akabaki na mgonjwa peke yake, na aliyoyafanya yalimlazimu mgonjwa kuuondoa mkono wake kwa nguvu. Mwanamke huyo hakunyamaza. Aliripoti kwa daktari mwingine wa kliniki, na malalamiko yakafika ofisi ya chuo inayosimamia ile sheria ya mwaka 1972 ambayo Wamarekani huiita Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali yao. Polisi wa chuo nao wakafungua jalada. Kwa nje, kila gurudumu lilizunguka kama inavyotakiwa: kulikuwa na ofisi, fomu, mpelelezi aliyesomea kazi hiyo, hata sheria ya zaidi ya miaka arobaini.

Ofisi ikauliza wataalamu kama matibabu yale ni ya kawaida. Ikauliza wanne. Wote wanne walikuwa watu wa chuo hichohicho na wenye mafungamano na Nassar. Wahenga wetu waliyaona haya zamani waliposema kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani, isipokuwa hapa nyani hawakuhitaji hata kuwa waovu. Hakuna ushahidi kwamba walikaa wakapanga kusema uongo. Waliulizwa habari za mtu ambaye kazi yake waliiheshimu, wakajibu wakimtazama yeye badala ya kumtazama mgonjwa. Jibu lao likawa kwamba hii ni tiba halali. Hitimisho la Julai 2014 likasema mlalamikaji hakuelewa tofauti, iliyo nyembamba, kati ya matibabu ya osteopathia na udhalilishaji.

Kisha kuna jambo ambalo mimi naliona zito kuliko hitimisho lenyewe. Ripoti ilitoka kwa namna mbili. Ile aliyopewa mlalamikaji iliishia kwenye kusafishwa kwa daktari. Ile iliyobaki kwa wakubwa ilikuwa na nyongeza: kwamba namna daktari anavyofanya kazi inaweza kukiletea chuo dhima ya kisheria, na inawatia wagonjwa maumivu ya moyo yasiyo ya lazima. Maana yake kuna mtu aliyeona tatizo, akaliandika, akawapelekea wale ambao lingewagharimu fedha, na kulificha kwa yule ambaye lilimgharimu mwili wake. Mlalamikaji alikuja kufahamu miaka kadhaa baadaye, kashfa ilipokwisha kulipuka.

Mkuu wa kitivo, William Strampel, akamrudisha Nassar kazini kwa masharti yaliyoandikwa: asiguse sehemu nyeti bila mtu wa pili chumbani, ngozi isigusane na ngozi pasipo lazima, amweleze mgonjwa kila hatua. Ni masharti mazuri tu. Ila hakupangwa mtu wa kuyasimamia, na baadaye Strampel aliwaambia wapelelezi kwamba hakuona haja ya kufuatilia kwa kuwa daktari alishasafishwa. Wakati huohuo jalada la polisi lilikuwa bado wazi, na likaendelea kuwa wazi kwa zaidi ya mwaka huku mtuhumiwa akipokea wagonjwa. Miongoni mwa waliokuja kutoa ushahidi wamo waliodhalilishwa katika kipindi hicho, baada ya chuo kuambiwa, kuchunguza na kujibu.

Na ile methali ilikuwa na ukweli wa karibu zaidi kuliko mtu yeyote alivyodhani. Mwaka 2019 Strampel mwenyewe alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja jela. Kosa moja lilikuwa kutotimiza wajibu wake katika suala la Nassar. Jingine lilikuwa kutumia vibaya madaraka yake kwa kuwatongoza na kuwadhalilisha kwa maneno wanafunzi wa kike wa kitivo chake.

Nini basi kilibadilika mwaka 2016? Si kwamba wasichana walipata ujasiri ghafla. Mwezi Agosti gazeti la Indianapolis Star lilichapisha uchunguzi wa namna chama cha jimnastiki cha Marekani kilivyokuwa kikiyaweka kabatini malalamiko dhidi ya makocha. Rachael Denhollander, mwanasheria aliyekuwa ametibiwa na Nassar akiwa na miaka 15, aliisoma habari hiyo na kuwaandikia waandishi. Akaenda pia polisi wa chuo, naye hakwenda mikono mitupu. Alibeba rekodi zake za matibabu, kumbukumbu za mtaalamu wa afya aliyemsimulia mwaka 2004, makala za majarida ya tiba zinazoeleza tiba ya kweli ya misuli ya nyonga inavyofanywa, na majina ya wataalamu wa nje wanaoweza kuulizwa. Kwa maneno mengine, alifanya kazi ambayo chuo kilipaswa kuifanya miaka miwili nyuma. Inauma kuona kwamba ilihitajika mwanasheria, mama wa watoto wadogo, kujitayarishia jalada lake mwenyewe ili asikilizwe. Msichana wa mwaka wa kwanza angeyatoa wapi hayo?

Aliyempokea alikuwa mpelelezi Andrea Munford, polisi wa chuo kilekile. Hili lisitupite: taasisi ni ileile, mtuhumiwa ni yuleyule, na utetezi ni uleule wa somo la anatomia. Munford alianza kwa kumchukulia mlalamikaji kama mtu anayesema kweli mpaka ushahidi ukatae, kama askari anavyompokea aliyekuja kuripoti gari lake limeibwa. Alipomhoji daktari, hakukubali kuwa mwanafunzi wa darasa lake, aliendelea kumuuliza mambo ya kawaida mpaka lugha ya kitaalamu ikamwishia. Gazeti lilichapisha habari tarehe 12 Septemba, na simu za wanawake wengine zikaanza kumiminika. Tarehe 20 Nassar akafukuzwa kazi. Polisi walipokwenda kupekua nyumbani kwake siku hiyo, gari la taka lilikuwa limechelewa. Ndani ya pipa lililokuwa likisubiri kuchukuliwa walikuta diski za kompyuta zenye maelfu ya picha za udhalilishaji wa watoto.

Hata hapo mapenzi ya watu hayakuisha upesi. Mwezi Novemba jina lake lilikuwa bado kwenye karatasi za kura za bodi ya shule huko Holt, jimboni Michigan, ingawa alishajitoa kugombea, na zaidi ya watu 2,000 walimpigia. Sitaki kuwacheka. Mtu aliyemtibu mwanao goti bila kukutoza senti si rahisi kumgeuza ndani ya wiki chache kuwa mtu mwingine, na hasa kwa sababu hiyo uamuzi juu yake haufai kuachiwa wanaomdai fadhila.

Januari 2018, mbele ya Jaji Rosemarie Aquilina, wanawake na wasichana 156 walitoa au kusomewa maelezo yao kwa siku saba. Mwendesha mashtaka Angela Povilaitis alikuwa amehakikisha, katika makubaliano ya mtuhumiwa kukiri kosa, kwamba kila aliyeumizwa atakuwa na haki ya kuzungumza. Nassar akapewa kifungo cha miaka 40 hadi 175, juu ya miaka 60 ya mahakama ya shirikisho kwa zile picha. Siku ileile rais wa chuo, Lou Anna Simon, akajiuzulu. Aliyekaimu nafasi yake naye akaondoka mwaka mmoja baadaye, baada ya kusema hadharani kwamba baadhi ya walioumizwa wanafurahia kumulikwa. Chuo kilikubali kulipa dola milioni 500, na mwaka 2019 Wizara ya Elimu ya Marekani ikakitoza faini ya dola milioni 4.5. Fedha hizo zingeajiri wataalamu wangapi wa nje mwaka 2014, wa kuulizwa swali moja tu?

Kwetu mazingira yana sura nyingine, na si vizuri kulazimisha yafanane. Silaha inayotumika zaidi vyuoni Tanzania ni kalamu nyekundu. Msichana anaambiwa karatasi yake ina sapu, yaani mtihani wa marudio, au kwamba mwaka huu atadisko, yaani ataondolewa masomoni, na kwamba mambo hayo yanazungumzika ofisini jioni. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaliita hilo kosa la jinai: mwenye mamlaka anayeshurutisha ngono ili mtu apate haki yake, kwa adhabu iliyowekwa sheria hiyo ilipotungwa, angeweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Novemba 2018, Rais Magufuli alipokwenda kuzindua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mhadhiri wa chuo hicho, Vicensia Shule, aliandika kwenye Twitter kwamba rushwa ya ngono imekuwa tatizo chuoni. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, baadaye ikalifanyia utafiti suala hilo katika chuo hicho na kile cha Dodoma. Tangu hapo vyuo kadhaa vimefungua madawati ya jinsia.

Dawati ni hatua. Ila Michigan walikuwa na zaidi ya dawati. Mwenye kuketi hapo anapaswa kujiuliza, kabla mlalamikaji wa kwanza hajabisha hodi, nani atachunguza pale mtuhumiwa atakapokuwa mkuu wa idara aliyempendekeza yeye kwenye nafasi hiyo. Kama jibu ni kamati ya wenzake wa kitivo, wanaosahihisha mitihani pamoja, wanaosimamiana tasnifu na kuchangiana harusi, basi ni afadhali jibu lipatikane mapema kuliko baada ya malalamiko kuingia. Si lazima jambo liishie chuoni. TAKUKURU wana simu ya bure, 113, na malalamiko ya kudaiwa ngono yakiwahi kuwafikia wanaweza kuweka mtego. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Aliyebakwa anahitaji hospitali kwanza: dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inapaswa kuanza ndani ya saa 72, na ushahidi wa mwilini hupotea kwa kuoga na kwa kufua nguo. Vipo vituo vya mkono kwa mkono katika baadhi ya hospitali zetu, ambako daktari, askari na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja, hivyo msichana halazimiki kusimulia hadithi ileile kwenye milango mitatu.

Anayeambiwa wa kwanza mara nyingi si afisa. Ni mwenzake wa chumbani, kiongozi wa darasa (CR), dada wa maktaba, mchungaji, shangazi. Huyo hahitaji kujua sheria. Anachohitaji ni kuacha maneno fulani yasimtoke: una uhakika, ulikwenda kufuata nini ofisini jioni, yule baba ana familia, tuyamalize kimyakimya yaishe. Aandike tarehe, saa na maneno kama yalivyosemwa, msichana asaini, nakala ibaki kwake. Ujumbe wa simu usifutwe hata kama unatia kinyaa. Zile kumbukumbu za mwaka 2004 za mtu mmoja tu aliyesimuliwa na kuandika zilikuja kusaidia kumfunga Nassar zaidi ya miaka kumi baadaye.

Wapo watakaouliza habari za mhadhiri anayesingiziwa. Ni swali la haki, maana mhadhiri naye ana jina, watoto na ajira, na wapo wanafunzi waliowahi kutishia kushtaki ili wapewe alama. Lakini aliyesingiziwa anahitaji kitu kilekile anachokihitaji aliyeumizwa: mchunguzi asiyemfahamu. Nyani akimwachia ngedere, hakuna atakayeamini kwamba ngedere hakuwa na kosa, hata kama kweli hakuwa nalo. Daktari mwadilifu wa osteopathia pale Michigan, aliyekuwa akiwaomba wagonjwa ridhaa na kuvaa glavu, alichafuliwa na ripoti ya 2014 kuliko na malalamiko yoyote, kwa sababu ripoti ile iliandika kwamba alichokifanya Nassar ndiyo kazi yao.

Na malalamiko yakishapokelewa, mtuhumiwa asiachwe na kalamu. Kabla hata ya barua ya kumwita kujieleza kuandikwa, karatasi za mlalamikaji zitolewe mikononi mwake, zisahihishwe na mtu mwingine, ikiwezekana wa chuo kingine, kwa namba bila jina. Msimamizi wa tasnifu abadilishwe kwa barua ya idara isiyotaja sababu. Nakala ya ripoti atakayopewa mlalamikaji mwishoni iwe ileile, ukurasa kwa ukurasa, atakayoisoma makamu mkuu wa chuo.